Mkono upimwe kabla ya kisu, si baada ya kuvimba

Kila mwaka unapofika mwezi wa Oktoba, miji yetu huvaa rangi ya waridi. Matembezi huandaliwa, hotuba hutolewa, na wanawake huhimizwa wajichunguze matiti na kwenda hospitali mapema. Hayo yote ni mema, wala sina nia ya kuyabeza. Hata hivyo, nimegundua kwamba mazungumzo yetu kuhusu saratani ya matiti hukoma pale mgonjwa anapotoka katika chumba cha upasuaji. Tukishaambiwa kwamba uvimbe umeondolewa, tunamshukuru Mungu, tunampa mgonjwa pole, kisha tunarudi kwenye shughuli zetu. Ni wachache wanaouliza: je, mkono wake u hali gani?

Mimi mwenyewe sikuuliza. Aliyenifunza kuuliza ni fundi cherehani.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Kilifi. Mapema mwaka 2021 alipasuliwa titi la kulia katika hospitali moja kubwa, akaondolewa na tezi za kwapani, kisha akatibiwa kwa miale. Madaktari walifanya kazi yao kwa bidii, na hadi leo ninawashukuru, kwa maana dada yu hai. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alipewa dawa, tarehe ya kurudi kliniki na onyo kwamba asibebe vitu vizito. Mkono wake haukupimwa siku hiyo, kama ambavyo haukuwa umepimwa kabla ya upasuaji.

Aliporejea darasani mwaka uliofuata, alianza kulalamika kwamba ikifika saa nane mchana mkono wake wa kulia huwa mzito kana kwamba umefungiwa jiwe. Bangili aliyoivaa tangu siku ya harusi yake ikaanza kuacha alama. Alikwenda kliniki. Daktari aliitazama mikono yote miwili, akamwambia, "Mama, tofauti ni ndogo mno. Mkono ambao mtu hufanyia kazi huwa mkubwa kidogo kwa kawaida." Kusema kweli, daktari huyo hakumdanganya. Ni kweli kwamba mkono wa kazi huwa mkubwa kidogo. Tatizo ni kwamba hakuwa na chochote cha kulinganishia. Alikuwa kama mwalimu anayeulizwa iwapo mwanafunzi ameendelea au amerudi nyuma, ilhali hana alama za muhula uliotangulia.

Mwezi wa Desemba wa mwaka huo, ukoo wetu ulikuwa ukijiandaa kwa harusi ya mpwa wetu, na dada akaenda kushonewa sare. Fundi wake ni mzee aliyemshonea kwa miaka mingi, na ana daftari ambamo huandika vipimo vya kila mteja. Alipomaliza kupima alilifungua daftari hilo, akatazama, akapima tena. "Mwalimu," akasema, "kabla hujaugua mkono wako ulikuwa inchi kumi na moja. Huu wa kushoto bado ni kumi na moja. Wa kulia umekuwa kumi na mbili. Kulikoni?"

Swali hilo la fundi ndilo lililompeleka dada kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, safari hii akiwa na nambari zilizonakiliwa kutoka kwenye daftari la ushonaji. Naye mtaalamu alipoziona alisema kwamba hizo ndizo nambari ambazo hospitali ilipaswa kuwa nazo. Kwa bahati mbaya, takriban mwaka mzima ulikuwa umepita tangu mkono ulipoanza kutoa ishara, na nyama ya mkono ilikuwa imeanza kuwa ngumu.

Ugonjwa huu huitwa limfedema. Ili tuuelewe, hatuna budi kukumbuka somo la sayansi. Damu inaposukumwa kutoka moyoni hadi vidoleni, sehemu ya maji yake huvuja na kuingia katika nyama ili kuilisha. Sehemu kubwa ya maji hayo hukusanywa na mishipa myembamba sana, ikaitwa limfu, nayo hupitia katika tezi kabla ya kurudishwa kwenye damu. Limfu ya mkono hupita kwapani, mahali penye tezi zinazokisiwa kuwa 20 hadi 30. Bahati mbaya ni kwamba hizo hizo ndizo tezi ambazo saratani ya titi hukimbilia kwanza. Daktari huziondoa ili kujua maradhi yamefika wapi na kuyazuia yasienee. Miale nayo huweza kuchoma na kukaza njia zilizobaki. Limfu ikikosa njia hutuama, kama mtaro wa maji ya mvua uliozibwa.

Sisi wa Pwani tunayajua matende. Katika matende, mtaro huharibiwa na minyoo wanaoenezwa na mbu. Katika limfedema ya mkono, mtaro hukatwa na kisu cha daktari mwenye nia njema. Mfano huu si wangu peke yangu. William Halsted, daktari mashuhuri wa Baltimore, Marekani, ambaye upasuaji wake mkubwa wa titi uliigwa duniani kote, aliandika mwaka 1921 kuhusu mikono ya wagonjwa inayovimba baada ya upasuaji, na hali hiyo akaipa jina la Kilatini ambalo kwa Kiswahili tungeliita matende ya upasuaji. Kwa hiyo jambo hili limejulikana kwa zaidi ya karne moja. Lakini majirani wa dada yangu, kwa kutojua, walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema ni mbu, na wapo walionong'ona kwamba amerogwa na mwalimu mwenzake anayekitamani cheo chake. Hivyo ndivyo ilivyo: palipo na pengo la maarifa, uvumi hujipenyeza.

Je, ni wangapi wanaopatwa na hali hii? Mwaka 2013, watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali walihitimisha kwamba yumkini zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kila watano wanaopona saratani ya matiti hupatwa na uvimbe wa mkono. Walioondolewa tezi za kwapani kwa wingi walikuwa takriban asilimia 20, ilhali wale waliotolewa tezi moja au chache tu za mwanzo, zile ambazo limfu ya titi huzifikia kabla ya nyingine, walikuwa chini ya asilimia 6. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, zaidi ya wanawake 7,000 walipatikana na saratani ya matiti nchini Kenya mwaka 2022. Hata kama si wote wanaofikia upasuaji, hesabu yake si ndogo. Tena uvimbe huu hauna haraka. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, ambao uliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliovimba, zaidi ya robo tatu waliona dalili katika miaka mitatu ya kwanza. Waliosalia walizidi kujitokeza kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Kwa hivyo, mgonjwa anayeambiwa baada ya miezi sita kwamba mkono wake u salama ameambiwa ukweli wa miezi sita tu.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wataalamu huugawa ugonjwa huu kwa hatua. Katika hatua ya sifuri hakuna uvimbe unaoonekana. Mwenye mkono huhisi uzito tu, au hahisi lolote, lakini limfu tayari imeanza kutuama. Katika hatua ya kwanza mkono huvimba, na ukiinuliwa juu kwa muda uvimbe hupungua. Katika hatua ya pili kuuinua pekee hakuusaidii tena, kwa sababu mafuta na nyuzi ngumu zimejijenga mahali palipokuwa na maji. Katika hatua ya tatu ngozi huwa nene na ngumu, na mwenye mkono huhangaika kuvaa, kuandika na hata kulala. Dawa ya kumeza inayoweza kuurudisha mkono wa hatua za mwisho katika hali yake ya zamani haipo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maradhi haya, ufa hauonekani kwa macho. Ni lazima upimwe.

Nao hupimwaje? Mimi ni mwalimu wa hisabati, basi wanafunzi na waniruhusu niwape zoezi. Chukua utepe wa kupimia, ule ule wa fundi. Weka alama kwenye mkono kila baada ya sentimita 4, kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu, kisha pima mzingo katika kila alama. Kila kipande kati ya alama mbili kina umbo la ndoo: mdomo mpana, kitako chembamba. Ili kupata ujazo wake, zidisha mzingo mkubwa kwa wenyewe, zidisha mdogo kwa wenyewe, kisha zidisha mkubwa kwa mdogo. Jumlisha majibu hayo matatu, zidisha kwa kimo cha kipande, halafu gawanya kwa 12 mara pai. Kipande chenye mizingo ya sentimita 28 na 26 kitakupa takriban mililita 232. Sasa ongeza sentimita mbili tu kwa kila mzingo, yaani 30 na 28. Utapata takriban mililita 268. Nyongeza ya sentimita mbili, ambayo jicho linaweza kuipuuza, ni nyongeza ya ujazo ya zaidi ya asilimia 15!

Kwa muda mrefu madaktari wametumia vigezo kama hivi: tofauti ya sentimita 2 katika mzingo, au mililita 200 katika mkono mzima, au asilimia 10 ya ujazo. Lakini tofauti na nini? Ukilinganisha mkono wa kulia na wa kushoto pekee, utawaambia wazima kwamba ni wagonjwa, na wagonjwa kwamba ni wazima, maana mikono ya binadamu haikuumbwa sawasawa. Ukilinganisha mkono na vipimo vyake vya zamani pekee, utababaishwa na mtu aliyenenepa au kukonda, kama wafanyavyo wengi wakati wa tiba ya kemikali. Njia ya haki ni kuipima mikono yote miwili kabla ya kisu, kisha kuipima yote miwili kila baada ya miezi michache, na kutazama jinsi uhusiano wake unavyobadilika. Kipimo cha kwanza ndicho kinachoyapa maana mengine yote yanayofuata. Kikikosekana siku hiyo, hakiwezi kuchukuliwa tena kamwe.

Msomaji anaweza kuuliza: je, kuna ushahidi kwamba kugundua mapema kunasaidia, au ni kumwongezea mgonjwa wasiwasi? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2008 watafiti wa hospitali ya jeshi la majini la Marekani huko Bethesda walichapisha habari za wanawake waliopimwa kabla ya upasuaji na kufuatiliwa. Mkono ulipoongezeka kwa asilimia 3 tu, kabla ya uvimbe kuonekana, mgonjwa alivalishwa soksi ya kubana mkono kwa takriban wiki nne, na ujazo ukapungua. Baadaye ulifanywa utafiti mkubwa zaidi, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2022. Wanawake waligawanywa kwa kura: wengine walifuatiliwa kwa utepe, wengine kwa kifaa kinachopitisha umeme hafifu mwilini ili kukadiria maji yaliyo nje ya chembe za mwili. Aliyeonekana ameanza kubadilika alivaa soksi kwa wiki nne. Miongoni mwa hao waliovalishwa soksi, asilimia 7.9 ya waliofuatiliwa kwa kifaa cha umeme waliishia kwenye limfedema ya kudumu. Kwa wale wa utepe ilikuwa asilimia 19.2.

Sitaificha maana ya tarakimu hizo. Kifaa cha umeme kiliushinda utepe, na hospitali yenye uwezo na ikinunue. Ila tusije tukafanya kama yule aliyekataa kupanda baiskeli kwa kuwa hana gari, akabaki nyumbani. Katika utafiti ule, hata kundi la utepe lilipimwa kabla ya upasuaji, likafuatiliwa, na likapewa soksi mapema. Dada yangu hakupata hata hayo. Kati ya kifaa na utepe kuna pengo. Kati ya utepe na kutopima kabisa kuna pengo kubwa zaidi, na pengo hilo la pili haligharimu zaidi ya utepe wa fundi, daftari na dakika chache za muuguzi.

Tumezungumzia kugundua. Sasa tuzungumzie kutabiri, maana dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya limfedema yanafahamika kwa kiasi kikubwa: kuondolewa tezi nyingi za kwapani, miale inayoelekezwa kwenye tezi, unene wa mwili na maambukizi ya ngozi ya mkono. Mwaka 2012 watafiti wa Brazil, baada ya kuwafuatilia wanawake 1,054 walioondolewa tezi za kwapani, walitunga jedwali la kukadiria hatari kwa kutumia mambo ambayo tayari yamo katika faili la mgonjwa: umri, uzito ukilinganishwa na kimo, idadi ya awamu za tiba ya kemikali, kina cha upasuaji wa kwapa, eneo lililopigwa miale, na iwapo maji yalijikusanya kwenye kidonda au mkono ulivimba mapema. Mwezi wa Machi 2024, katika mkutano wa wataalamu wa saratani ya matiti huko Milan, Italia, ilitangazwa programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa rekodi za wagonjwa zaidi ya 6,300 wa Uingereza, Ufaransa na Uholanzi. Programu hiyo iliwatambua takriban 82 kati ya kila 100 waliovimba baadaye, na takriban 73 kati ya kila 100 ambao hawakuvimba.

Nambari hizo zinapendeza, lakini tuzipige darubini. Tuchukue wanawake 1,000, na kwa ajili ya mfano tu tuseme kwamba 100 kati yao watavimba. Programu itawanasa 82 na kuwakosa 18. Kati ya 900 wasiovimba, itawatisha bure 243. Kwa hiyo watakaoonywa ni 325, na robo tu ya hao ndio watakaovimba kweli. Je, programu hiyo haifai? La hasha! Inafaa kabisa kumwonyesha muuguzi ni nani wa kumpima mara nyingi zaidi, na kumpa mgonjwa na daktari wake jambo la kutafakari kabla ya kuchagua aina ya matibabu. Isichofaa ni kuichukua kama hukumu. Utabiri usiofuatwa na upimaji ni ramli, tofauti ikiwa tu kwamba mganga huyu anatumia kompyuta. Na wale 18 waliokosewa wataokolewa na nini, isipokuwa utepe?

Kuna na jambo jingine linalonikera. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri. Programu iliyokatwa kwa vipimo vya wanawake wa Ulaya itamkaaje mwanamke wa Garissa, Kisii au Kwale? Hili si suala la fahari ya taifa. Mwaka 2022 watafiti wa hospitali moja ya saratani ya New York walichapisha matokeo kuhusu wanawake 276 walioondolewa tezi za kwapani. Katika miaka miwili, takriban asilimia 39 ya wanawake weusi walikuwa wamepatwa na limfedema, ilhali miongoni mwa wazungu ni takriban asilimia 20. Wamarekani weusi si Wakenya, na kundi lile halikuwa kubwa. Lakini ikiwa tofauti kama hiyo inaweza kutokea ndani ya hospitali moja, chini ya madaktari wale wale, tuna sababu gani ya kudhani kwamba jedwali la wengine litatutosha? Zaidi ya hayo, wengi wa wagonjwa wetu hufika hospitali saratani ikiwa imekwisha kuingia kwapani. Ile njia ya kutoa tezi chache za mwanzo, ambayo huwakinga wengi kwingineko, huwa imewapita. Wanapata upasuaji mkubwa zaidi wa kwapa, kisha miale. Yaani tuna wagonjwa walio na mawingu mazito zaidi, nasi ndio tusiokuwa na kipimo cha mvua.

Isitoshe, mahali pa vipimo tumepaweka makatazo. Mgonjwa huambiwa asitolewe damu katika mkono ule, asipimwe shinikizo la damu, asipande ndege, asinyanyue kitu. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia vipimo zaidi ya 3,000 vya wagonjwa 632, haukuona uhusiano kati ya kuvimba kwa mkono na sindano, kipimo cha shinikizo wala safari za ndege. Uliona uhusiano na uzito wa mwili, upasuaji mkubwa wa kwapa, miale ya tezi na maambukizi ya ngozi. Kuhusu kunyanyua, watafiti wa Philadelphia walionyesha mwaka 2009 kwamba wanawake waliokuwa tayari wamevimba, walipofunzwa kunyanyua vyuma kwa uzito ulioongezwa polepole, chini ya usimamizi na wakiwa wamevaa soksi, hawakuvimba zaidi. Mkono wao ulisumbua mara chache kuliko wa wenzao ambao hawakufanya mazoezi hayo. Fikiria basi maana yake kwa mwanamke wa Kenya, ambaye ndoo ya maji, jembe na mwana havimngojei apone. Ukimkataza asiguse chochote maisha yake yote, ama atakuasi kwa lazima, ama atakutii na mkono ulegee. Afunzwe kurudia kazi hatua kwa hatua, aoshe mara moja kila jeraha la mkono, na akiona ngozi imekuwa nyekundu na ya moto aende hospitali siku hiyo hiyo.

Najua wapo watakaosema kwamba nchi ambayo wagonjwa wake wa saratani huuza mashamba ili wapate matibabu haina nafasi ya kushughulikia mikono. Roho kwanza, mkono baadaye. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba roho iliyookolewa inaishi kwa mkono. Mwalimu huandika ubaoni kwa mkono. Mama mboga hupanga nyanya kwa mkono. Mshonaji, mkulima na karani vivyo hivyo. Mkono ukivimba, kipato kinapungua wakati ule ule ambapo familia inalipa madeni ya upasuaji. Kuupima mapema ni sehemu ya kuulinda uhai wenyewe.

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, kila hospitali inayofanya upasuaji wa titi iwe na fomu ya ukurasa mmoja ya vipimo vya mikono yote miwili pamoja na uzito, na upasuaji usianze kabla fomu hiyo haijajazwa. Nakala abaki nayo mgonjwa, maana mgonjwa huhama hospitali, na faili hupotea. Pili, vipimo virudiwe kila mwezi wa tatu hadi wa sita kwa angalau miaka mitatu, na kazi hiyo wapewe wauguzi na wataalamu wa viungo katika hospitali za kaunti, ili mgonjwa wa Garsen asilazimike kusafiri hadi Nairobi kwa ajili ya utepe. Tatu, tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, kumekuwa na mjadala mkali kuhusu gharama za matibabu ya saratani. Naomba soksi ya kubana mkono itajwe kwa jina katika mjadala huo, kwani wiki nne za soksi ni nafuu kuliko miaka ishirini ya bendeji. Nne, vipimo hivyo, majina yakiwa yameondolewa, vikusanywe na vyuo vikuu vyetu ili wanafunzi wetu wa udaktari na wa takwimu watunge jedwali letu wenyewe la kutabiri. Hawa ndio watakaotushonea nguo yetu, lakini hakuna fundi awezaye kukata kitambaa bila vipimo.

Nanyi walimu wenzangu, msingoje serikali. Katika takriban kila chumba cha walimu kuna mmoja aliyepita katika njia hii, au anayemuuguza aliyepita. Muulizeni kuhusu mkono wake. Akisema mkono ni mzito, au pete imekaza, msimwambie kwamba ni uzee. Mhimizeni apimwe. Walimu wa hisabati mnalo zoezi la ujazo ambalo hakuna mwanafunzi atakayelisahau. Nanyi wanafunzi, ikiwa mama au shangazi yuko karibu kufanyiwa upasuaji, mnaweza kufanya lile ambalo mimi, mwenye shahada yangu, sikulifanya: pimeni mikono yake, andikeni tarehe, na karatasi hiyo akabidhiwe daktari.

Dada yangu angali anafundisha. Huvaa soksi ya mkono kila asubuhi, na siku za joto la Kilifi si jambo rahisi. Mkono haujarudi ulivyokuwa, lakini kwa miaka mitatu sasa haujaongezeka. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hukaa kwenye kiti barazani nami humpima, huku mwanawe akiandika nambari katika daftari la mistari. Safu ya kwanza ya daftari hilo haina muhuri wa hospitali yoyote. Ina nambari moja tu, inchi kumi na moja, na pembeni mwake jina la fundi cherehani.